Kurekodi sauti inayotoka ndani ya kompyuta

Jirani yangu hapa Kadutu, Bukavu, alitaka kuhifadhi kipindi cha redio kinachorushwa kwenye intaneti, lakini Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ilimrekodia kelele za barabarani pamoja na sauti hafifu ya spika, kwa kuwa ilikuwa ikisikiliza maikrofoni. Katika Windows, dawa yake ni kuchagua mfumo wa sauti uitwao Windows WASAPI, kisha kuweka kama chanzo cha kurekodi spika zile zile unazosikilizia, ambazo jina lake huongezewa neno "loopback".

Hata hivyo, ukichomeka vipokea sauti vya masikioni baada ya kufungua programu, sauti inaweza kuhamia huko, na usirekodi chochote. Hapo iagize programu itafute upya vifaa vya sauti, halafu uchague chanzo kipya. Jambo ambalo naona linastahili kuelezwa zaidi ni kwamba njia hii hairekodi ukimya: mtandao ukikatika, kama unavyokatika kwetu mara kwa mara, kurekodi husimama mpaka sauti irudi, na muda uliopotea hauonekani kwenye faili.

Watumiaji wa Linux wenye PulseAudio, yaani mfumo unaosimamia sauti kwenye kompyuta, huchagua tu chanzo kiitwacho "Monitor".