Kidole cha kati kinachokwama: kumbukumbu ya mradi wangu wa besi

Wiki ya 1

Tatizo lenyewe ni hili. Nikipiga gitaa la besi noti nne kwa kila pigo, metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) ikiwa 92 kwa dakika, mambo yanakwenda vizuri kwa dakika nne hivi. Baada ya hapo kidole cha kati cha mkono wa kulia kinaanza kukwama. Sisemi kinachoka. Kinakwama: kinaung'ang'ania uzi, uzi unakivuta, noti inachelewa na inatoka nzito kuliko wenzake. Nimejirekodi kwa simu mara tatu, na mara zote nasikia kitu kilekile: ta-ta-ta-TAA.

Mwaka mzima nimekuwa nikilaumu uvivu wangu wa mazoezi. Juzi nikashika gitaa mara tu baada ya kuosha vyombo, na kukwama kukaanza kwenye noti ya kwanza kabisa, hata misuli haijapata joto. Nikajua hapa kesi ni ya ngozi. Kwa hiyo nimejipa wiki sita na daftari, nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Gitaa langu lina nyuzi nne, unene kuanzia 45 hadi 105 (elfu za inchi, ndivyo nyuzi zinavyopimwa), za chuma kisichoshika kutu. Ni zile za waya wa mviringo uliozungushwa kwenye kiini, kwa hiyo uzi mzima umejaa vijituta. Pitisha ukucha juu ya uzi wa E uusikie: krrrr, kama zipu. Mpiga besi kwa kweli anasugua vidole kwenye tupa, halafu anashangaa kwa nini vinawaka.

Wiki ya 2

Nimeanza na unyevu. Nilichoandika daftarini baada ya siku tano: kidole kikavu kinateleza. Kidole kilicholowa chepechepe nacho kinateleza. Balaa ni kile chenye unyevunyevu tu, kile kilichoanza kutoa jasho au kilichokaushwa kwa taulo dakika mbili zilizopita. Hicho kinanata. Ndiyo maana dakika nne za kwanza huwa nzuri na shida huanza mwili ukipata moto.

Sabuni pia ina mkono wake. Inaondoa mafuta ya asili na maji yanalainisha ngozi, kwa hiyo sasa nikinawa nangoja nusu saa kabla ya kupiga. Wanaonawa wakakimbilia jukwaani sijui wanawezaje.

Nikajaribu poda ya watoto. Dakika kumi za kwanza nilijiona bingwa. Kisha jasho likaja, poda ikawa tope, tope likaingia kati ya vijituta vya waya, na kufikia mwisho wa wiki uzi wa A ulikuwa unalia kama kamba ya kuanikia nguo. Suruali nyeusi nayo haikusalimika. Poda nimeifukuza.

Wiki ya 3

Mpiga besi mmoja wa makamo, ambaye huwa hatoi ushauri mpaka umwombe mara mbili, alinisikiliza nikilalamika, kisha akaniambia: "Mdogo wangu, mafuta unayoyatafuta unayo usoni." Akagusa ubavu wa pua yake kwa ncha za vidole viwili, akapiga mstari mzima bila hata mkwaruzo.

Nilicheka, nikaenda kujaribu nyumbani kwa siri. Inafanya kazi! Ubavu wa pua, paji la uso, au nyuma ya sikio, popote ngozi inapotoa mafuta. Mguso mmoja unanitosha wimbo mmoja, mara nyingine mmoja na nusu. Ukizidisha, nyuzi zinafubaa mapema, kwa hiyo mwisho wa mazoezi nazifuta kwa kitambaa kikavu, juu na chini ya kila uzi. Chumvi ya jasho nayo haina huruma kwa chuma.

Hasara yake ni ya heshima tu. Nimeangalia video ya mazoezi ya bendi, na kila baada ya kiitikio napeleka mkono puani kama mtu mwenye mafua.

Lakini kukwama hakujaisha. Kumepungua tu, na bado ni kidole cha kati peke yake. Cha shahada kinapata jasho lilelile na hakina neno.

Wiki ya 4

Nyuzi bapa. Hizi zimefungwa kwa utepe laini badala ya waya wa mviringo. Ndizo alizotumia James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown kule Marekani, akazipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada, na hakuwa mtu wa kubadilisha nyuzi ovyo. Ule mlio mkali wa waya wa mviringo ulikuja kushika kasi miaka ya 1960, na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, ni miongoni mwa walioupigia debe.

Nilidhani nimemaliza kazi. Mkono wa kushoto kweli umepona, ile miluzi ya kuhama freti (vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa) imetoweka. Wa kulia ulinishangaza: siku tatu za kwanza nyuzi bapa zilinata kuliko zile za vijituta. Uso laini unagusa ngozi eneo kubwa zaidi, na ngozi yenye unyevunyevu inaganda pale kama kioo juu ya kioo kilicholowa. Zilitulia baadaye, ila mlio wake ni wa kiutu uzima mno kwa nyimbo zetu. Nimerudisha za zamani.

Wiki ya 5

Jumanne usiku nilipiga picha ya karibu ya ncha ya kidole cha kati, nikaikuza. Sugu yangu ina ukingo! Upande unaotazama kidole cha shahada, ngozi ngumu imeachia kidogo na kufanya kijimdomo, kama gamba linalotaka kubanduka. Nikakipitisha polepole juu ya uzi wa A na nikausikia ule mdomo ukidaka vijituta kimoja kimoja. Maji ya vyombo yalikuwa yanaulainisha na kuunyanyua. Mafuta ya pua yalikuwa yanaulaza.

Nimeusawazisha kwa tupa ya kucha, kidogo kidogo, siku tatu, ngozi ikiwa kavu. Usiukate wala kuung'ata; nilishawahi kuung'ata zamani nikapata kidonda cha wiki nzima.

Nikauliza tena: kwa nini ukingo uote hapo? Video ikajibu. Kidole cha kati kinazama ndani ya nyuzi na kutoka kimejipinda, kinasugua kwa ubavu. Nimeongeza sauti ya ampu (mashine ya kukuza sauti ya gitaa) na kupunguza nguvu ya mkono, nagusa uzi kwa ncha tu.

Wiki ya 6

Metronomu 92, dakika kumi na tano, bila pua. Rekodi ni safi. Nikapandisha hadi 100, na sasa anayechelewa ni kidole cha shahada. Nimekipiga picha: hakina ukingo wowote. Nimefungua ukurasa mpya wa daftari.