Dar hadi Ziwa Nyasa kwa baiskeli

Mlima Kitonga, ule wa kona kali katika barabara ya kwenda Iringa, hautishi kama unavyosimuliwa. Ukitaka kutishika, panda baiskeli utoke Dar kwenda Chalinze. Tuliondoka Kimara saa kumi alfajiri tukidhani tumeiwahi foleni, kumbe malori ya Zambia na Kongo nayo yamepanga hivyohivyo. Kunapambazuka tuko Mlandizi, nyuso nyeusi kwa moshi, na Shangazi ameshatukana matusi ambayo sikujua anayajua.

Tulikuwa watatu. Shangazi si shangazi wa mtu. Ni rafiki yetu, jina kapewa kwa kugombeza watu. Yeye na mimi tulikuwa na baiskeli za gia za mtumba kutoka Japani. Mwalimu, anayefundisha jiografia sekondari, alikataa mtumba akaja na Phoenix nyeusi ya marehemu baba yake, chuma kitupu, haina gia hata moja. Nia yetu ilikuwa kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Nyasa: Morogoro, Iringa, Makambako, Uyole, kisha kushuka Tukuyu mpaka Kyela. Ni zaidi ya kilomita 900.

Kila tuliposimama kunywa maji tuliulizwa swali moja: "Mnauza nini?" Tukijibu hatuuzi kitu, tunatembea tu, watu wanatazamana. Katika barabara hii baiskeli ina kazi yake. Inabeba mkaa, ndizi, madumu ya maji, mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Mtu mzima aliyefunga nguo na sufuria kwenye keria, halafu aseme anakwenda Kyela na ana nauli ya basi mfukoni, huyo ana lake jambo.

Tukiikaribia Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa imeshaonekana, tulikutana na wabeba mkaa wamepumzika chini ya mwembe. Kila baiskeli ina magunia matatu: mawili yamelazwa juu ya keria, la tatu limekaa juu yake, yote yamekazwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Breki hawana. Kwenye mteremko mmoja nilimwona mzee wao akiinua mguu na kuikandamiza katambuga yake kwenye tairi la nyuma, raba juu ya raba, moshi mwembamba ukitoka, na ule mzigo wote ukapunguza mwendo kwa adabu. Mwalimu alimwamkia, naye baada ya kuitikia marahaba akatupa somo ambalo lilitufaa kuliko kofia ngumu tulizovaa.

"Lori msiliogope, wanangu. Dereva wa lori anakwenda siku nyingi, hana pa kuwahi. Ogopeni basi."

Akatufundisha na honi. Fupi mbili, dereva amekuona, kaa hapohapo pembeni na usiyumbe. Ndefu isiyokatika, shuka kwenye lami mara moja, usigeuke kutazama nyuma. Tuliijaribu elimu hiyo mpaka mwisho wa safari na haikutuangusha. Mara tatu nne hivi tuliishia majanini, na kila mara lilikuwa ni basi.

Mikumi hatukuendesha. Barabara inapita katikati ya hifadhi kwa karibu kilomita 50, na twiga na tembo hawana habari na lami ya mtu. Mwalimu alitaka tujaribu. Shangazi akamwonyesha bango la faini za kugonga wanyama, akamuuliza, "Je, wao wakikugonga wewe wanalipa nani?" Tukapanda fuso lililokuwa linarudi tupu, baiskeli tukazilaza juu ya matenga matupu ya nyanya.

Ruaha Mbuyuni ni joto. Bonde zima limejaa mibuyu, na pembeni mwa barabara vitunguu vimepangwa kwenye mifuko ya wavu, vyekundu. Hapo spoku mbili za gurudumu langu la nyuma zilikatika kwa mpigo. Fundi alikuwa na sanduku la mbao, beseni la maji ya kutafutia pancha, na kopo la spoku za Phoenix. Za kwangu zilikuwa za kipimo kingine. Hakuhangaika. Alichagua zilizokuwa ndefu kidogo, akazikata, akazichonga uzi upya kwa kifaa ambacho sijawahi kukiona mjini, kisha akaizungusha ringi mbele ya jicho moja, akikaza hapa, akilegeza pale, mpaka ikatulia. Hakutumia kipimo chochote zaidi ya kidole gumba alichokishikiza karibu na ringi. Zile spoku ndizo zilizonifikisha.

Kitonga tulianza kuupanda asubuhi na mapema. Kona ni kali na upande mmoja ni korongo, lakini malori yanayopanda yanakwenda mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo mnakuwa majirani. Utingo wa semi moja alishuka akawa anatembea pembeni yetu huku akipiga soga, ameshika kigogo cha kuwekea tairi iwapo gari litarudi nyuma. Sisi wenye gia tuliendesha kwa vipande. Mwalimu aliisukuma Phoenix tangu chini mpaka juu bila kulalamika, na alifika juu dakika chache tu baada yetu, jambo lililomuudhi sana Shangazi. Kilichonitoa jasho kweli ni kile kilima cha kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini. Hakuna anayekitaja, na unakutana nacho ukiwa umeshajihesabu umefika.

Kutoka Iringa hadi Makambako sina mengi ya kusema. Misonobari ya Sao Hill, mbao zimepangwa kila mahali, na baridi ya Julai ambayo ilinifanya nivae soksi mikononi. Mafinga tulikaribishwa ulanzi, pombe ya mianzi. Mwalimu aliukubali, akaendesha kwa furaha kupita kiasi.

Makambako reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, inakutana na barabara, na hapo jiografia ikampanda Mwalimu. Tukiwa kwenye chai na maandazi alituchorea mezani kwa kidole: mwaka 1965 Ian Smith anatangaza uhuru wa walowezi Rhodesia, Zambia inabanwa upande wa kusini, mafuta yake yanaanza kupitishwa kwa malori katika njia hii ikiwa bado ni vumbi na matope. Mwaka 1968 linakuja bomba la mafuta la TAZAMA, kisha kuanzia 1970 Wachina wanajenga reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. "Sasa reli ipo, bomba lipo," Shangazi akasema, "mbona malori yote bado yako mgongoni kwangu?" Mwalimu alimalizia chai yake.

Baada ya Igawa barabara inateremka kwenye tambarare ya Usangu, mashamba ya mpunga kulia, milima kushoto. Kisha mlima wa Inyala. Tuliupanda kwa miguu, tukiwa nje kabisa ya lami, maana malori yanayoteremka pale mengine breki zake zinanuka kabla hujayaona.

Uyole tukakata kushoto. Ukishaivuka Isongole unashuka karibu moja kwa moja hadi ziwani, na hali ya hewa inabadilika mara nyingi kuliko nguo ulizobeba: ukungu, mvua, chai, migomba, joto. Wanyakyusa wa Tukuyu wanasukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi sita, saba, wakipanda tunakoshukia. Nilikuwa nimejikunyata kwenye breki huku vidole vimekufa ganzi, nao wananisalimia kwa sauti ya mtu aliyekaa barazani.

Kyela tulitaka kuziuza baiskeli ili turudi mikono mitupu. Ya Mwalimu iligombewa kabla hajaishusha mizigo. Ya kwangu mkulima mmoja wa kakao aliizunguka, akabonyeza tairi, akaitikisa keria kwa mkono mmoja.

"Kaka, hii haibebi gunia."

Hakuna aliyebisha. Baiskeli zetu mbili za gia zikapanda buti la basi kwa nauli ya mizigo tuliyobishania nusu saa nzima, na Mwalimu akarudi Dar na mchele wa Kyela, kilo 50.