Mwalimu mkuu, makande na watoto ambao kwao hawajachanga

Wanaosema ualimu mkuu ni kula posho ya madaraka tu waje wakae kwenye kamati ya shule mwaka mmoja. Mi ni mjumbe upande wa wazazi, shule ya msingi kijijini, jina siitaji. Ugomvi wetu ni makande ya mchana.

Elimu bila malipo ilipoanza hapa Tanzania Januari 2016 watoto walijaa kweli, ila chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki kwa mzazi. Ruzuku ya serikali kwa shule ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 inakatwa juu huko ya vitabu, shuleni inafika 6,000, yaani mia tano kwa mwezi, humohumo chaki, karatasi za mitihani, sijui kitasa kimeharibika, mahindi utayanunua na nini? Basi tunachanga, debe la mahindi na maharage kidogo. Wengine hawana kweli. Wengine wanazo ila wanakujibu si mlisema bure.

Mkuu wetu alianza kwa kulisha wote. Muhula wa pili hata waliokuwa wanaleta wakaacha, maana kwa nini nitoe mimi na wa jirani anakula hivyohivyo, stoo ikakauka. Akageuza, akaweka daftari, asiyechangiwa hapangi foleni. Hapo ndo utoro ulianza, wale wadogo wa darasa la pili wakiona wenzao wanachukua bakuli wanaondoka kimyakimya na hawarudi mchana. Mtoto kachanga nini yeye? Ana debe?

Sasa hivi mama mpishi ana utaratibu wake, anawaita walewale wasiochangiwa wamsaidie kuosha masufuria, na kila mara ukoko na makande ya chini yanabaki mengi ajabu, mkuu anapita pale anaangalia juu kama anakagua bati. Kwenye daftari hawajala. Unafiki? Ndio, na mi naukubali, ingawa kuna binti mmoja mkubwa kidogo anakataa kwenda kwenye masufuria kwa aibu, na huyo bado hatujampatia jibu.

Kikao kilichopita mjumbe mmoja akataka mpishi aitwe ajieleze. Nikamwambia kama anataka kushtaki aende kwa mtendaji wa kijiji, ila aanze na yule mzee mwenye zizi la ng'ombe pale barabarani, wajukuu watatu shuleni na debe hatujaliona.