Simu niliyokuwa naipokea kwa pua

Kwa miezi kama mitano nilikuwa napokea simu kwa pua. Sitanii. Nauza samaki Feri, hapa Dar, na tangu alfajiri mnada unapoanza mpaka jua linapokuwa kali, mikono yangu ni maji ya chumvi, magamba na barafu. Simu inaita, napitisha kidole, haisikii. Napitisha tena, inawasha tochi. Mteja wangu wa hoteli anakata, anapiga upya, na mimi nimeinama juu ya meza nasukuma ile alama ya kijani kwa ncha ya pua: "Haloo bosi wangu!" Jirani zangu walikuwa wanaisubiri simu yangu iite kama watu wanavyosubiri taarabu ianze. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Changu kilikuwa hakiwezi hata kupokea simu.

Na simu yenyewe ilikuwa mpya, ya laki nne na ushee. Nilishauriwa na mtoto wa kaka yangu, ambaye pale nyumbani ndiye mtaalamu wa simu kwa sababu anakesha akitazama video zake. "Shangazi, chukua hii, ina Hz 120, tachi yake inateleza kama kambale." Kweli, sebuleni iliteleza. Nilipitia picha za harusi ya binamu yangu mpaka nikaona kizunguzungu. Nilipoifikisha Feri ikawa gogo.

Baadaye sana ndipo nikaelewa nilivyoingizwa mjini. Hz ni mara ngapi kwa sekunde moja, na ile 120 ni mara ambazo kioo kinachora picha upya. Simu ya 60 inachora kila baada ya milisekunde 16 na kitu, ya 120 kila baada ya 8 na kitu, ndiyo maana macho yanaona ulaini. Lakini mara ambazo kioo kinakitafuta kidole chako ni hesabu nyingine kabisa. Nayo ina Hz zake, 180 au 240 au zaidi, na mara nyingi kwenye boksi hawaiandiki. Muuzaji anakutajia ile iliyomkaa mdomoni. Na hata ukizijua zote mbili, hakuna inayokuambia simu itafanya nini kidole kikiwa kimelowa.

Zamani haikuwa hivi. Nilikuwa na simu ya tachi ya zile zilizokuja na kijiti chake ubavuni. Kioo chake kilikuwa na matabaka mawili, ukibonyeza yanagusana, na ilikuwa haijali umebonyeza na nini. Kijiti kilipopotea nikawa natumia mwiba wa kolekole, na namba zinaingia bila shida. Hizi za sasa hazisikii kubonyezwa, zinasikia umeme. Kidole kikigusa kioo kinavuta chaji kidogo, simu inajua uko wapi. Sasa maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme vizuri sana. Yakitanda kwenye kioo, simu inaona kidole pale ambapo hakipo, na chako halisi kinapotelea humo humo. Haijui imsikilize nani.

Siku moja namlipa dalali elfu arobaini na tano, vidole vimelowa, nimechelewa, mzigo unanisubiri. Sifuri ikajirudia. Sikuiona. Nikaweka namba ya siri, na kilichoniokoa ni umaskini: salio halikutosha kutuma laki nne na nusu. Dalali akanicheka, akasema kumbe nilitaka kumnunulia chombo.

Basi kila mtu akawa na dawa yake. Mmoja akasema tatizo ni protekta. Huyo alikuwa na haki kiasi, kwa sababu nilikuwa nimebandika lile la kioo nene la barabarani, na pembeni lilikuwa limeinuka likaacha hewa katikati. Nililibandua, tachi ikaamka kidogo, ila kwenye maji ikabaki vile vile. Mwingine akasema niifunge kwenye kifuko cha nailoni. Tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 nailoni safi ni ya kutafuta, nikapata ya kufungashia, nikaitia simu. Kweli tachi inasikia kupitia nailoni nyembamba. Lakini maji yalikaa juu ya nailoni badala ya juu ya kioo, na joto likatengeneza jasho kwa ndani, nikawa na simu iliyolowa pande zote mbili.

Halafu ikaja ile ya kujibonyeza. Hii lazima niieleze vizuri maana nusura inile pesa. Usiku, niko nyumbani, mikono mikavu, simu iko kwenye chaji. Nikaigusa kutazama saa, ikafungua kamera. Nikafunga. Ikaanza kuandika herufi zake kwenye kundi la kikoba, "kkkkjjjj", kisha ikampigia mwenyekiti wetu saa sita usiku. Mama wa watu akapokea huku analia, akidhani nimefiwa. Asubuhi nikaenda kwa fundi. Hakuigusa hata dakika mbili. "Mama, tachi imekufa, tunabadilisha kioo kizima, elfu tisini, wewe nakufanyia themanini." Nilikuwa nimeshafungua pochi. Kilichonizuia ni kwamba pale mezani kwake simu ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Nikamwambia nitarudi mchana.

Nyumbani nikaichomeka, ikaanza vituko. Nikachomoa, kimya. Nikachomeka, vituko. Nikaenda kwa jirani kuazima chaja, nikaweka ukuta ule ule, simu ikakaa kwa adabu usiku kucha. Tatizo lilikuwa chaja yangu ya elfu tatu, ya kununua dirishani kwenye foleni! Chaja dhaifu inavujisha umeme mchafu kwenye simu, na tachi inayotegemea umeme mdogo wa kidole inachanganyikiwa. Kwa fundi sikurudi. Tangu hapo simu yoyote ninayotaka kuinunua naijaribu ikiwa kwenye chaji pia, wanione mshamba wakitaka.

Nikaamua safari hii sitamuuliza mtu. Nitaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na Feri yangu mkononi.

Nilichukua kichupa cha dawa ya macho kilichokwisha, nikakiosha, nikakijaza maji ya bahari niliyochota mwenyewe pale kwenye ngazi za boti. Nikambeba mtoto wa kaka yangu kwa kazi ya kubonyeza mipangilio, kwa sharti asitamke neno Hz. Duka la tatu ndilo lilikuwa na simu za kujaribia zilizowashwa. Nikachagua tatu, na kwa kuwa majina yao yote yana herufi na namba za kuchanganya kichwa, nikazipa ya kwangu. Ya bei ya chini nikaiita kibua, ya katikati kolekole, ile ya karibu milioni nikaiita nguru.

"Mdogo wangu, naomba nizijaribu hizi."

"Jaribu mama. Hiyo kamera yake megapikseli hamsini."

Sikwenda kujipiga picha. Nikaanza na mambo makavu. Nilishika alama ya programu moja, nikaiburuta polepole kutoka juu mpaka chini, mstari kwa mstari, kama mtu anayelima matuta. Ikidondoka njiani, pale kioo hakisikii. Kibua aliiangusha mara mbili kwenye kona ya chini kulia, ambapo ndipo kidole gumba changu kinapokaa kutwa. Kisha nikaandika kwa vidole gumba viwili, haraka kama ninavyoandika kazini: changu kilo 12, nguru 8, pweza 3. Kibua akala herufi. Wengine waliandika kama nilivyotaka.

Mtoto wa kaka yangu akaingia kwenye mipangilio, akagonga namba ya muundo mara saba, simu ikamwandikia kwamba sasa yeye ni msanidi programu. Akavimba kweli. Humo ndani kuna sehemu ya kuonyesha miguso: kila unapogusa kinatokea kitone cheupe. Kama kuna siri moja ya kuiba kutoka kwangu, iibe hii, kwa sababu hapo simu haiwezi kukudanganya. Unaona inachokiona yenyewe.

Ndipo nikatoa kichupa.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Maji ya bahari."

Kijana akanyamaza. Akaangalia kichupa, akaniangalia mimi, akamwangalia mwenzake. "Ya... ya tiba?"

Watu wawili waliokuwa wanachagua kava wakasogea hatua moja nyuma. Nikamweleza kwamba mimi ni muuza samaki, sina jini wala mganga, nataka kujua simu itanisikia nikiwa kazini. Akasema bosi wake hataki. Nikaweka laki mbili juu ya kioo cha meza, nikamwambia nalowanisha kidole tu, simu simwagii, na ikipata doa nainunua. Pesa ikiwa juu ya meza Kariakoo watu wanaelewana.

Kibua alipopata kidole cha chumvi vitone vikaanza kucheza vyenyewe kama dagaa kwenye karai. Nagusa tano, vinatokea kwenye nane na kwenye mbili. Nikamrudisha.

Nguru alinishangaza. Mkavu alikuwa mwepesi kuliko wote, na kwenye boksi waliandika IP68. Kijana akadandia hapo: "Mama, hii hata ukizama nayo." Sasa, IP68 inasema maji hayataingia ndani, na vipimo vyake ni vya maji yasiyo na chumvi, si ya bahari. Haisemi tachi itafanya kazi ikiwa imelowa. Ubaya zaidi, kioo chake kimepinda pembeni. Nilipokishika kwa mkono uliolowa, kiganja changu kikawa kinasomeka kama kidole, ukurasa unakimbia wenyewe. Milioni kasoro kidogo, na bado ningepokea kwa pua. Mtoto wa kaka yangu akanong'ona kwamba OnePlus 12 imewekwa kitu kinaitwa Aqua Touch, maalumu kwa vidole vilivyolowa. Nikamuuliza bei. Akaangalia pembeni.

Kolekole kioo chake bapa. Tone la kwanza aliduwaa. Nikafuta kidole kwenye kanga, si kukausha, kufuta tu, nikagusa tena: kitone kimoja, mahali pake. Nikaandika namba tisa kwa kidole chenye unyevu, nane zikaingia sawa. Kisha nikawasha ile sehemu ya kuongeza usikivu wa tachi, iliyowekwa kwa ajili ya wanaobandika protekta, na namba zote tisa zikaingia. Lakini kilichonifanya nifungue pochi hakikuwa kioo. Kwenye mipangilio ya kupiga simu kulikuwa na sehemu ya kupokea kwa kitufe cha kuongeza sauti. Kitufe! Cha kubonyeza, hata kwa mkono uliojaa utumbo wa samaki. Nilimwomba kijana anipigie pale pale. Nikabonyeza. "Haloo bosi wangu." Akacheka, hakujua kwa nini mimi nakaribia kulia.

Alama ya kidole nayo niliijaribu, maana kila duka wanaisifia. Kidole kilichokaa kwenye barafu masaa matatu kimekunjamana, hakiwezi kufanana na kile ulichosajili. Weka namba, utaokoa muda.

Nililipa laki tano na nusu hivi, kava juu yao, baada ya kuvutana robo saa. Kabla sijatoa pesa nilibonyeza *#06#, ikatoka IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, nikaituma kwenda 15090 kuhakiki kama si feki, nikasubiri jibu. Kijana akaona namtuhumu. Mdogo wangu, mimi ni wa wale waliolala na simu nzima tarehe 16 Juni 2016 wakaamka na kioo cha kujitazamia, siku zile simu feki zilipozimwa. Hapo siombi radhi.

Sasa ni mwezi wa tatu. Kolekole si malaika. Mvua ikinyesha na kioo kikitapakaa matone anaropoka kama wengine, nami nimejifunga kipande cha kanga kikavu begani kwa kazi hiyo tu. Kutuma pesa natuma nikiwa nimefuta kioo na kidole, na sifuri nazihesabu mara mbili. Ile ya Hz 120 nimemuuzia mtoto wa kaka yangu kwa mkopo ambao wote wawili tunajua hautalipwa. Yeye mikono yake haijawahi kushika samaki mbichi, anaifurahia.

Simu za hoteli napokea kwa kitufe, mgongo umenyooka, kisu mkono wa pili. Jirani yangu wa meza ya kushoto anasema asubuhi zimepooza, ananiomba siku moja moja nipokee kwa pua, angalau Ijumaa.