Corneille na silabi sita za "tumetoka mbali"

Ukiandika "Corneille" peke yake kwenye simu, utaletewa Pierre Corneille, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1684. Ongeza neno chanteur, yaani "mwimbaji" kwa Kifaransa, ndipo umpate Cornelius Nyungura, mtunzi na mwimbaji wa Kanada.

Alizaliwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1977, akakulia Kigali, Rwanda. Aprili 1994, akiwa na miaka 17, familia yake iliuawa nyumbani katika mauaji ya kimbari. Yeye alinusurika kwa kujificha nyuma ya kochi. Ndio mwaka ule Mto Kagera ulipoleta maiti hadi ndani ya ziwa letu hili la Victoria, maelfu wakazikwa upande wa Uganda, Kasensero na Lambu. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa sana. Corneille alipitia Zaire, akafika Ujerumani, na mwaka 1997 akahamia Montréal, Kanada.

Huko alianza na kundi la R&B la O.N.E. Albamu yake ya kwanza, Parce qu'on vient de loin, ilitoka Québec mwaka 2002, na ndiyo iliyomtoa. Anza na hiyo, kisha Les marchands de rêves ya 2005. The Birth of Cornelius ya 2007, ya Kiingereza, inaweza kusubiri. Sauti ni ileile, ila ladha imepungua.

Sasa, kwa bendi zinazotaka kuuimba kwa Kiswahili wimbo uliobeba jina la albamu ile ya kwanza. Jina lake lina silabi sita: par-ce-qu'on-vient-de-loin. Ukitafsiri "kwa sababu tumetoka mbali" unapata kumi, na mwimbaji ataishia kukimbizana na gitaa. Tupa "kwa sababu". "Tumetoka mbali" ni sita kamili: tu-me-to-ka-mba-li, na maana inabaki, maana kwetu msemo huo tayari umebeba shida zote za njiani.

Tatizo linalobaki ni mkazo. Kifaransa kinakazia silabi ya mwisho, loin. Sisi tunakazia ya pili kutoka mwisho, mba. Ukianza pale anapoanzia yeye, uzito utaangukia "li" na mstari utasikika kama wa mgeni. Anza silabi moja baadaye, "mba" ikae palipo na loin, halafu "li" iachie ifie yenyewe. Usiivute. Na usipaze sauti: Corneille huimba kwa ulaini, hata penye maneno mazito kabisa.

Kurekodi tafsiri kwa ajili ya kuuza ni habari nyingine; hapo lazima ruhusa ya wenye haki za wimbo kwanza.