Maji ya maziwa hayamwagwi

Jamani, leo nimefika Undredal, magharibi mwa Norwei.

Kijiji kimekaa ukingoni mwa Aurlandsfjord, mkono wa bahari uliobanwa na milima. Barabara ilifika huku 1988. Kabla ya hapo ilikuwa ni boti, au ukwee mlima kwa miguu.

Watu ni wachache, mbuzi ndio wengi. Na hao mbuzi ndio wanaowalisha.

Mama mmoja katuonyesha wanavyopika jibini la kahawia. Maziwa yakishaganda na jibini jeupe kutolewa, maji yanayobaki wanayabandika jikoni.

Yanachemka saa nyingi. Unakoroga, unakoroga, mpaka sukari ya maziwa inageuka kahawia na sufuria zima linakuwa zito kama kashata kabla haijamwagwa kwenye sinia.

Nikaonja. Utamu kwanza, chumvi kwa mbali, halafu mbuzi anaingia bila hodi! 😂

Binti yangu katema. Mimi nikaomba kipande kingine, nikanunua na cha kwenda nacho nyumbani (bei yake tuiache).

Wafugaji wa mbuzi mliomo humu, nyie maziwa yakizidi mnayafanyaje?