Siku moja kibandani: chenso ya mzee wa tumbaku imerudi

Saa 12 na dakika 40 asubuhi, hata kufuli sijafungua, namkuta mzee kakaa kwenye tofali chini ya mwembe, mfuko wa salfeti katikati ya miguu. Ule mfuko niliujua kabla sijamjua mwenyewe. "Shikamoo mzee." "Marahaba fundi. Imerudi hii."

Mliozaliwa huku Tabora mnaujua mwezi wa tatu. Huko Sikonge na Urambo mabani (vibanda vya kukaushia) ya tumbaku yanawaka, na hii tumbaku ya mvuke majani yakishachumwa hayasubiri mtu, bani moja linataka moto siku 5 mpaka 7 mchana na usiku. Mzee ana mikaratusi yake aliyoipanda mwenyewe kwa ajili ya kukaushia, ila bila chenso (msumeno wa injini) hapo ni shoka na vijana wa kulipwa, alafu vijana wenyewe msimu huu hawapatikani. Kwahiyo kapanda gari la alfajiri kuja kwangu. Kibanda kiko Ng'ambo kwa wasiojua.

Sasa ngoja niseme ukweli hapa mapema. Hii chenso, ya Kichina, injini yake cc 58, nilishaitengeneza mwezi wa 11. Pistoni ilikuwa imechanika mistari upande wa ekzosi (moshi unapotokea), nikaweka mpya, na mzee wa watu nikamsema mbele ya wateja: mzee unaweka oili kidogo, hizi mashine zinakula petroli iliyochanganywa. Akasikiliza kwa upole, akalipa, akaondoka.

Leo kabla sijauliza kitu akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, lile kubwa la mililita 50, limefungwa kwenye nailoni safi. "Lita moja ya petroli, mililita 40 za oili. Napima na hii toka siku ile uliyonambia." Nikaikagua, imepigwa alama ya wino mwekundu kwenye 40. Jamani nilitamani mwembe uniangukie.

Saa 1 na nusu. Nimefungua sailensa nikachungulia kwenye tundu la ekzosi. Mistari ileile. Alafu nikafanya kitu ambacho mwezi wa 11 sikukifanya, na kinachukua sekunde tano tu: nikashika flaiwili, lile gurudumu lenye sumaku pembeni ya injini, nikaitikisa juu chini. Inacheza! Nikaangalia koili, sumaku za flaiwili zimeshaanza kuikwaruza, ina mikwaruzo mipya inang'aa. Beringi za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, zimekwisha.

Dogo nikamwambia atoe klachi. Kachukua spana anavuta kushoto kwa nguvu zake zote mpaka mshipa wa shingo umesimama, mi namwangalia tu. Dogo, klachi ya chenso ina uzi wa kinyume, unaifungua kwa kuzungusha kulia, nimekuambia mara ngapi. Na usisukumize bisibisi kwenye flaiwili ili injini isizunguke, utavunja mapezi. Unatoa plagi, unaingiza kamba kwenye tundu lake pistoni ikiwa imeshapita juu ya tundu la ekzosi (usipoangalia hapo kamba inajikata kwenye ukingo), pistoni inakandamiza kamba, krenki inasimama yenyewe.

Saa 2 na nusu. Hapa ndo wateja huwa wanacheka, natoa mashine ya presha. Ile ya hospitali ya kupima watu, yenye kipira cha kuminya na saa. Niliipata mtumba, kitambaa cha mkono nimetupa. Plagi ya zamani nimeivunja kaure yake nikaingiza kipaipu cha shaba nikachomelea, ndo inafungwa kwenye silinda. Ekzosi naziba na kipande cha tyubu ya baiskeli, upande wa kabureta hivohivo, pistoni naishusha chini kabisa ili upepo ushuke mpaka kwenye krenki. Naminya mpaka 250, nafunga, naangalia mshale.

Mshale ukaanza kurudi saa hiyohiyo. 240, 220, 190. Dogo akapaka povu la sabuni kuzunguka sili (mpira unaoziba hewa kwenye shafti) ya upande wa klachi na pale mapovu yakaanza kutoka moja moja kama kamasi la mtoto.

Kwahiyo kilichotokea ni hivi. Beringi ilichoka, krenki ikaanza kutikisika, kutikisika kukala mdomo wa sili, sili ikaanza kuvuta hewa ya nje. Hewa ikizidi petroli inapungua, na kwa tu-stroki petroli ndo inabeba oili, hakuna oili nyingine humo ndani. Injini inapata kiu, inapiga kelele kali, unadhani ina nguvu kumbe inaungua. Mzee angeweza kuweka oili mililita 80 na bado pistoni ingeungua. Na mi nilibadilisha pistoni nikaacha muuaji ndani.

Nikamwambia. Nilijikaza nikasema mzee wangu nisamehe, kosa halikuwa lako, lilikuwa la kwangu. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Mke wangu alisema. Aliniambia wewe unapima kama mganga, huyo fundi ndo hapimi." Hahaha. Nikakubali. Tukakubaliana beringi, sili na gasketi ananunua yeye maana hizo zilikuwa zimekwisha kweli, pistoni na ringi na kazi ni juu yangu.

Saa 3 na nusu, dukani. Beringi imeandikwa 6202, ndani milimita 15, nje 35, unene 11, namba hiyo iko kwenye mota za umeme na vitu kibao kwahiyo haikosekani. Tatizo ni ipi. Muuzaji ananipa yenye vifuniko vya mpira pande zote, imejaa grisi. Hapana kaka, kwenye krenki inatakiwa wazi ili mchanganyiko wa petroli upite ndani uilainishe. Akasema hana. Basi natafuta yenye C3, yaani ina uwazi zaidi kidogo kwenye gololi, maana injini ikipata moto vyuma vinatanuka na isiyo na uwazi huo inakaza. Alikuwa nazo mbili zenye mpira na C3. Nikachukua hizo, mpira unatolewa na sindano, grisi inaoshwa na petroli, kazi imeisha. Kulikuwa na za bei nusu pia, nikaizungusha moja sikioni, inasaga kama kinu. Rudisha kaka.

Saa 4 na nusu mwili wa injini umefunguka vipande viwili. Beringi ya upande wa klachi kizimba kimepasuka, gololi zimehamia upande mmoja. Ingeendelea wiki moja tu vile vipande vingepanda juu kwa pistoni.

Mafundi wengi hapa wanachukua nyundo. Mi beringi siigongi. Nina sufuria ya mchanga juu ya jiko la mkaa, nafukia kipande cha bodi humo, nasubiri mpaka tone la maji likidondoka linachemka na kurukaruka. Naitoa na koleo, naipiga mara moja kwenye ubao, beringi ya zamani inadondoka yenyewe tii. Na sababu ya mchanga ni kwamba bodi nyingi za chenso zina magnesiamu, usiweke moja kwa moja kwenye mkaa, magnesiamu ikishika moto maji hayazimi, yanachochea.

Beringi mpya zinataka kinyume chake, baridi. Friji la barafu liko nyumbani, nyumba ya tatu kutoka kibandani, na ni la mama watoto anauza barafu za ubuyu kwa wanafunzi. Hakuwepo. Nikafunga beringi na krenki kwenye nailoni, nikasogeza barafu pembeni, nikaweka.

Saa 6 umeme ukakatika. Nikamtuma dogo akasimame mlangoni asiruhusu mtu kufungua friji, ukilifunga halipotezi baridi haraka. Tukala ugali na mlenda, mzee akatoa matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) kwenye mfuko wake, aliyachemsha mkewe, tukanywea chai. Silinda nilikuwa nimeshaisugua alumini iliyogandia kwa msasa laini, ilisalimika.

Saa 8 mchana. Hii ndo dakika ninayoipenda kwenye kazi hii. Bodi inatoka kwenye mchanga ya moto, beringi inatoka kwenye nailoni ina ukungu mweupe, unaiachia juu ya tundu na inazama. Haigongwi, haisukumwi. Mlio mmoja mdogo, tk. Una kama sekunde tatu, ikiingia upande ndo basi urudie upya. Mzee alisimama nyuma yangu akasema "eee!" kama kaona mazingaombwe. Krenki nayo ikafuata ikiwa bado ya baridi, gasketi, kipande cha pili, boliti kwa kukata msalaba kidogo kidogo. Nikazungusha kwa vidole, nzito kidogo, nikagonga ncha za krenki na nyundo ya plastiki huku na huku ikakaa katikati, ikawa laini.

Saa 9 na nusu, sili. Pale kwenye mfereji wa ufunguo wa flaiwili kuna ukingo unakata mpira, kwahiyo nimeviringisha kipande cha chupa ya maji juu ya shafti, nikapaka grisi mdomo wa sili, nikaisukuma na soketi inayolingana na mzunguko wake mpaka ikalingana na bodi.

Mashine ya presha, 250, dakika tano mshale haujatikisika. Lakini hiyo ni nusu ya mtihani. Mdomo wa sili unatazama ndani, ukipuliza kutoka ndani unaukandamiza kwenye shafti, kwahiyo sili mbovu inaweza kufaulu hapo. Pistoni ikipanda chumba cha krenki kinanyonya, na kunyonya ndo kunafichua. Nikamgeukia mzee nikamwambia, naomba bomba lako.

Nikaliunga kwa mpira wa dripu, nikavuta bomba mpaka alama ya 50, nikashikilia dakika nzima huku dogo anahesabu. Nikaachia. Bomba likajirudia lenyewe karibu lote. Mzee akalichukua, akalifuta na shati, akalirudisha kwenye nailoni.

Saa 11 jioni imewaka mvuto wa nne. Ikiwa sailensi, yaani inanguruma taratibu bila kuvutwa moto, nikailaza kulia, kushoto, pua juu, pua chini, sauti haibadiliki. Screw ya petroli nikaiacha tajiri kidogo, yaani petroli izidi kidogo. Nikamwambia matanki mawili ya kwanza asiipeleke kwenye gogo nene, na mnyororo asiukaze kama gitaa, ukikazwa sana unavuta beringi ya klachi. Gari lake lilishaondoka, kapata lifti ya fuso linarudi Sikonge tupu.

Saa 2 usiku nimefika nyumbani nimechoka, nakuta mama watoto kakaa mlangoni na bakuli. Ndani barafu za ubuyu sita. Wanafunzi wamezirudisha, wanasema zinanuka petroli. Kumbe ile nailoni ilikuwa na tundu. Akanisukumia bakuli, na kijiko hakunipa. Ya nne niliimaliza nikiwa nimefumba macho.